Sahani Yako na Bakuli la Mjukuu

BARUA

Mshauri, mimi ni mama wa miaka 45, mzaliwa wa Inde, ila miaka sita sasa naishi Arua mjini na nina kibanda cha vitambaa sokoni. Nilipotoka nyumbani nilikuwa na kilo 62. Mwezi uliopita mizani ya kliniki ilionyesha 81. Presha imepanda na nimeandikiwa dawa. Daktari ameniambia nipunguze mafuta na nipunguze kula. Nimeshangaa, maana mimi si mtu wa kula sana. Sahani yangu ya Inde ilikuwa kubwa kuliko hii ya sasa: mlima wa enya (ugali wetu), osubi, basi.

Huku mjini nimejitahidi kufuata nilichofundishwa. Mhudumu wa afya alituambia akina mama tule vyakula vya aina nyingi, tusikae na chakula kimoja. Kwa hiyo asubuhi nakunywa chai ya maziwa na chapati mbili. Saa nne naagiza roleksi, chapati iliyokunjwa na mayai, au mandazi. Mchana hotelini namwambia mama wa chakula anichanganyie: matoke, wali, posho (ugali wa mahindi) kidogo, kiazi, na maharage juu. Jioni tunapika nyumbani, enya na mboga, na angara (samaki mkavu) ya kukaanga. Tuko watu wazima wanne, na jerikani ya mafuta ya lita tatu inaisha kwa wiki tatu.

Kinachonichanganya zaidi ni mjukuu. Binti yangu anaishi nami na mwanawe wa kiume wa miezi 14, bado ananyonya. Ana kilo 7.8 tu. Kliniki ile ile, siku ile ile, muuguzi alimwambia binti yangu amtilie mtoto karanga na mafuta kwenye uji, tena ampe vyakula vya aina nyingi. Mimi nikatazwe mafuta, mtoto aongezewe? Mimi aina nyingi zininenepeshe, yeye zimponye? Nani anasema kweli? Na mdogo wangu aliyeolewa Koboko ananionya nisijipunguze, watu watasema naumwa.

Mama wa Inde, Arua

JIBU

Dada yangu,

Daktari wako amesema kweli, muuguzi naye amesema kweli, na wewe unaposema huli sana, nakuamini. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu hali yako naikuta katika nyumba nyingi za Arua: mama ananenepa, mtoto anakonda, na jiko ni moja. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa Uganda wa mwaka 2016 ulikuta wanawake 24 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito, na watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tukiendelea kuyaona hayo mawili kama matatizo ya watu tofauti, matajiri huku na maskini kule, hatutaelewa kilichoipata nyumba yako.

Jambo lenyewe ni hili: tumbo halihesabu kalori. Tumbo linapima uzito na ujazo wa kilichoingia, na ulimi unachoka na ladha. Ukivielewa vipimo hivyo viwili utaona kwa nini chakula kile kile kinakulemea wewe na kinaweza kumwokoa mtoto.

Nianze na ulimi. Kumbuka ulivyokuwa ukila Inde. Tonge la kwanza la enya lililochovywa kwenye osubi ni tamu. La tano bado zuri. La kumi na tano unalimeza kwa sababu tayari umelishika, kisha unanawa mikono. Tumbo halikuwa limejaa mpaka juu. Ulimi ndio ulioichoka ladha ile. Dakika hiyo hiyo mtoto angekuletea embe bivu, ungelipokea. Mwaka 1981 Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walilipima jambo hili kwa vipande vya mkate vilivyojazwa vitu katikati. Watu walipopewa vya aina nne walikula karibu theluthi moja zaidi kuliko walipopewa vya aina moja. Baadaye walijaribu kwa tambi za maumbo matatu. Unga ni ule ule, mchuzi ni ule ule, umbo tu ndilo lililobadilika, na bado watu walikula zaidi.

Sasa rudi hotelini kwako. Nimekaa mara nyingi kwenye hoteli za karibu na soko nikiangalia sahani inavyojengwa. Mama anafunua sufuria ya kwanza, anachota matoke na kuyasukuma pembeni kwa mwiko. Anafunua ya pili, wali unaong'aa. Posho anaikata kwa ukingo wa kisahani. Kiazi anakiweka juu, kwa sababu pembeni hakuna nafasi tena. Kisha anamwaga mchuzi juu ya vyote, na utandu mwekundu wa mafuta unatambaa mpaka ukingoni mwa sahani. Mlaji anaanza na matoke. Ulimi ukianza kuyachoka, anahamia kwenye wali, na hapo ni kama amekaa mezani upya. Wali ukichosha, ipo posho. Ungepewa kiasi hicho chote kwa posho peke yake, ungebakiza. Ndiyo maana unaona huli sana: hakuna chakula hata kimoja hapo ambacho umekula kingi.

Lakini mhudumu wa afya hakukudanganya. Tatizo ni neno "aina". Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limeweka kipimo cha mlo wa mwanamke kwa makundi kumi. Mwanamke aliyekula kutoka angalau makundi matano kwa siku moja anahesabiwa kuwa ana nafasi nzuri ya kupata vitamini na madini anayohitaji. Kundi la kwanza ni nafaka, mizizi na ndizi za kupika, zote kwa pamoja. La pili ni jamii ya kunde: maharage, mbaazi, choroko. La tatu ni karanga, ufuta na mbegu nyingine. Kisha maziwa, nyama, kuku na samaki, mayai, mboga za majani ya kijani iliyokolea, matunda na mboga za rangi ya manjano na chungwa zenye vitamini A, mboga nyingine, na matunda mengine. Mafuta ya kupikia hayamo hata kidogo katika hayo kumi.

Hesabu mwenyewe, dada. Matoke, wali, posho, kiazi: kundi moja. (Kiazi kikiwa kile cha rangi ya chungwa ndani, hicho kinahesabiwa na vyakula vya vitamini A, lakini hotelini mara nyingi ni cheupe.) Chapati ya asubuhi, mandazi ya saa nne: bado uko kwenye kundi lile lile. Maharage ni la pili. Sahani iliyojaa vitu vitano, makundi mawili.

Halafu hesabu mlo wa nyumbani kwenu unaouita wa chakula kimoja. Enya, kundi la kwanza. Osubi, majani ya kunde, kundi la mboga za kijani. Karanga za kusagwa zilizoungwa humo, kundi la mbegu. Vidagaa vya Ziwa Albert vikitiwa kiganja kimoja, kundi la samaki. Na msimu wa maembe, kila mtu chini ya mti, kundi la matunda ya vitamini A. Matano, na wanga ni wa aina moja tu. Mlo ule ulikuwa na aina nyingi mahali panapohitaji aina nyingi, na aina moja mahali ambapo wingi unamfanya mtu apitilize. Megan McCrory na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha mwaka 1999 matokeo yanayofanana na hayo: waliokula vitafunio, vitu vitamu na wanga wa aina nyingi walikuwa na mafuta mengi zaidi mwilini, na waliokula mboga za aina nyingi walikuwa na mafuta machache zaidi. Kwa hiyo usiutupe ushauri wa mhudumu. Uhamishe tu: utoke kwenye wanga, uende kwenye majani, mikunde na matunda.

Nije kwenye mafuta, maana huko ndiko kilo zako nyingi zilikojificha.

Gramu moja ya wanga ina kalori kama 4, na ya protini vivyo hivyo. Gramu moja ya mafuta ina 9. Viazi mviringo vya kuchemsha, gramu 100, vina kalori zisizofika 90. Viazi hivyo hivyo vikikaangwa chipsi, gramu 100 zinabeba zaidi ya 300, kwa sababu maji yametoka na mafuta yameingia mahali pake. Tumbo lako linapokea uzito ule ule na linakupa shibe karibu ile ile. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wakiongozwa na Lauren Lissner, waliwalisha wanawake 24 milo ya namna tatu, kila mmoja kwa wiki mbili: wa mafuta machache, wa wastani na wa mengi. Vyakula vilitengenezwa vifanane kwa sura na utamu, na kila mtu aliachwa ale mpaka atosheke. Wakilinganishwa na mlo wa wastani, kwenye mlo wa mafuta mengi walizidisha kalori kwa karibu asilimia 15, na kwenye ule wa machache walipungukiwa kwa karibu asilimia 11. Hakuna aliyewaambia wazidishe wala wapunguze.

Nimeipigia hesabu jerikani yako. Lita tatu za mafuta ni karibu gramu 2,750, yaani kalori kama 24,700. Gawanya kwa watu wazima wanne na siku 21: inakuja kama 290 kwa kila mtu kwa kila siku. Hiyo ni sawa na kukuongezea enya ya kujaza viganja viwili, robo kilo hivi, kila siku ya Mungu, bila wewe kuiona wala kuionja. Na hayo ni mafuta ya nyumbani peke yake. Bado chapati mbili za asubuhi, na chapati ya roleksi iliyopakwa mafuta upande huu na upande ule juu ya chuma, pamoja na mayai yake ya kukaanga. Bado mchuzi wa hotelini. Haba na haba hujaza kibaba, na miaka sita ni siku zaidi ya elfu mbili.

Nakuomba tu usikimbilie kupika bila mafuta kabisa. Vitamini A iliyomo kwenye osubi na majani mengine haifyonzwi vizuri pasipo mafuta kidogo, na mawese mekundu yanayovuka mpaka kutoka Kongo yana vitamini hiyo ndani yake. Ninachotaka ni kijiko. Wapishi wengi wa kwetu humimina kutoka kwenye jerikani moja kwa moja hadi sufuria "isikike", na mkono uliozoea jerikani kubwa humimina zaidi. Weka kando ya jiko chupa ndogo na kijiko kimoja kikubwa, kile cha kulia. Kijiko hicho kikijaa kina kalori kama 120. Kwa sufuria ya watu wanne, vijiko viwili vinatosha kukaanga kitunguu na nyanya. Ukiona vinashika chini, ongeza maji, usiongeze mafuta. Lengo lako ni hili: jerikani ya wiki tatu idumu wiki sita.

Na mboga ikiungwa karanga, isitiwe mafuta mengine. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeliona sana mjini: kitunguu kinakaangwa kwenye mafuta mengi, kisha karanga zinaongezwa. Karanga zenyewe karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Bibi zetu walizisaga juu ya jiwe na mboga ikaungwa kwa hizo tu. Majani yalikuwa mengi, karanga kidogo; siku hizi karanga ndizo zinazojaa chunguni na majani yanatafutwa kwa macho. Rudisha uwiano ule. Angara usiikaange, iloweke, mwaga maji ya chumvi, ichemshe na nyanya. Chumvi ya samaki mkavu na presha yako havipatani, na kuiloweka kunapunguza chumvi hiyo.

Mchana hotelini, chagua wanga mmoja. Ukipenda matoke, yawe matoke. Ukipenda posho, iwe posho. Mwambie mama wa chakula akuwekee mboga za majani mahali pa zile aina tatu nyingine, na kama hana, mwombe kesho apike. Wateja wakiomba, mwenye hoteli hupika. Asubuhi chapati iwe moja, au badala yake kiazi cha kuchemsha au muhogo wa kuchemsha, na chai ya sukari kidogo. Saa nne, tunda. Sikuondolei roleksi maishani. Iwe ya siku ya soko kubwa, isiwe ya kila siku. Harusi za Koboko nazo usizihofu. Pilau ya shemeji zako, kisra na nyama, kaa ule na watu. Hakuna aliyenenepa kwa harusi mbili za mwaka.

Dawa ya presha usiiache, hata ukiona umepungua. Daktari ndiye atakayeamua kuipunguza, baada ya kukupima.

Sasa mtoto, na hapa moyo wangu una haraka zaidi, kwa sababu kilo 7.8 ni uzito mdogo kwa mvulana wa miezi 14.

Tumbo la mtoto mdogo hupokea takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa mjukuu wako hiyo ni kama gramu 235 kwa mara moja, kikombe kisichojaa. Mtoto wa umri wake anayenyonya vizuri anahitaji kama kalori 550 kwa siku kutoka kwenye vyakula vingine nje ya maziwa ya mama. Uji mwepesi, ule unaotiririka kutoka kwenye kijiko kama maji, una kalori kama 40 katika gramu 100. Kikombe chake kizima kinampa kama 95. Akinywa vinne kwa siku amepata 380, tumbo limejaa, amecheua, amelala, na mwili bado unadai. Kila mtu nyumbani anasema mtoto ameshiba. Ameshiba kweli, na bado ana njaa.

Weka kwenye kikombe hicho kijiko kimoja kikubwa cha karanga za kusagwa. Kikombe hakijaongezeka ukubwa, lakini sasa kina kalori karibu 190, mara mbili. Kile kinachopita kwako bila kuonekana ndicho anachokihitaji yeye: nguvu nyingi ndani ya nafasi ndogo. Wewe una tumbo kubwa na mwili wenye akiba ya miaka sita. Yeye ana tumbo la kikombe na hana akiba. Vivyo hivyo kwa ladha. Ulimi wako ukibadilishiwa unakula kupita haja. Wa mtoto ukipewa uji ule ule asubuhi, mchana na jioni, unakataa kabla haja haijatimia. Wazazi wa makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi wanalijua hili kwa uchungu, wanapopika unga na maharage ya mgao wiki baada ya wiki, mtoto akageuza uso, na mama akauza sehemu ya mgao ili apate mboga na dagaa.

Kanuni ile ya nguvu nyingi ndani ya nafasi ndogo ndiyo iliyotengeneza ile pakiti ya karanga inayotolewa vituoni kwa watoto waliokonda sana. Daktari Mfaransa André Briend alishiriki kuibuni mwaka 1996: karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Gramu 92 tu, kalori 500. Ni dawa ya mtoto aliyeandikiwa, na mtu mzima asiilambe.

Binti yako afanye uji uwe mzito, usianguke kwa urahisi kutoka kwenye kijiko. Karanga zisagwe laini kabisa, maana punje nzima humkaba mtoto. Achague kwa mkono kabla ya kusaga: zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu atupe, kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya fangasi ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Siku nyingine atumie ufuta. Dagaa wakavu wakisagwa kuwa unga, kijiko kimoja kinaingia kwenye uji au mboga bila mtoto kugoma. Yai, akiweza, siku nyingi kadiri inavyowezekana. Enya laini iliyolowekwa kwenye osubi ya karanga, embe lililopondwa, parachichi. Ale mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati, kwa bakuli lake mwenyewe, ili ionekane amekula kiasi gani. Sinia moja na watu wazima haimfai mtoto wa miezi 14. Mkono wake ni mfupi na mwendo wake wa kula ni wa polepole. Na aendelee kunyonya.

Katika historia ya Uganda yupo daktari aliyeishi maswali yako mawili kwa zamu. Hugh Trowell alifanya kazi Mulago, Kampala, na mwaka 1954 yeye na wenzake Davies na Dean walitoa kitabu juu ya utapiamlo wa watoto unaoitwa kwashakoo. Miaka mingi ya maisha yake ilikwenda kwa watoto waliovimba miguu na kupoteza rangi ya nywele. Baadaye, akiwa Uingereza, aliungana na Denis Burkitt, yule aliyetafiti uvimbe wa taya za watoto wa Uganda kwa msaada wa madaktari wa mikoani, miongoni mwao Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, hapo hapo karibu na Arua. Mwaka 1981 Trowell na Burkitt walihariri kitabu juu ya magonjwa yanayoletwa na ulaji mpya: unene, presha, kisukari. Walisisitiza vyakula vyenye nyuzinyuzi, vinavyojaza tumbo kabla havijajaza mwili. Osubi na enya ya mtama vingewafurahisha.

Limebaki neno la mdogo wako. Silidharau, kwa sababu najua linatoka wapi. Watu wengi wa Nile Magharibi walikimbilia Zaire na Sudan baada ya vita vya 1979, na ukiwa na miaka 45 huenda wewe mwenyewe ulibebwa mgongoni njiani au ulizaliwa ukimbizini. Aliyeiona njaa hiyo humtazama mama mnene na kumshukuru Mungu. Kisha ikaja miaka ya themanini, UKIMWI ukaitwa "slim" nchi nzima, na tangu hapo mtu akipungua majirani hunong'ona. Mwambie mdogo wako hivi: mgonjwa hupungua bila kutaka, na haraka. Wewe utapungua polepole, unafanya kazi, unalala vizuri, presha inashuka. Mpe karatasi ya vipimo aisome. Na kama una mume, mueleze mapema, asije akasikia kwa watu.

Usilenge kurudi kilo 62. Ukitoa kilo tano au sita mwaka huu, presha yako itakuwa tayari imeanza kupata nafuu, na hizo ndizo za kuanzia.

Lakini kabla ya jerikani, kabla ya chapati, kabla ya lolote nililokuandikia juu yako, mtoto apimwe mkono. Mhudumu wa VHT (timu ya afya ya kijiji) wa mtaani kwako au kituo cha afya ana ule mkanda wa rangi tatu. Kijani, sentimita 12.5 na kuendelea, mrudi nyumbani mfanye niliyoyasema. Njano, kati ya 11.5 na 12.5, aandikishwe kwenye mpango wa lishe. Nyekundu, chini ya 11.5, au miguu yote miwili ikibonyea na kubaki na shimo ukiibonyeza, asirudi nyumbani bila matibabu. Apimwe na malaria pia, na mwulizeni muuguzi kuhusu minyoo na kuhara, maana mtoto anaweza kula vizuri na ugonjwa ukanyakua vyote. Mpelekeni wiki hii, dada yangu, kisha niandikie rangi iliyotoka.